Nusu Sekunde

…na Gitonga bado anaongea, anasema faili moja tu, ya maandishi ya kawaida, mtu aifungue aone kila kitu programu yetu ya kurekodi sauti imemwamulia, aone na abadilishe, na mimi nimezima maiki, nimekaa kwa meza ya jikoni hapa Silibwet, saa nane mchana, mvua inapiga mabati, kidole kiko juu ya kipanya kama mtu anayetaka kusema na hasemi, namsikia tu kutoka Londiani, kwa studio yake ya video za harusi, sauti inapotea inarudi, "tunajisifu msimbo wetu uko wazi, lakini uko wazi kwa nani? Mama wa kwaya atasoma msimbo?", na Obure, mwenzetu mwingine mkutanoni, anamrukia, "na huyo mama akifuta koma moja programu ikatae kufunguka, atampigia nani simu, wewe?"… hayo ni maneno yangu, Obure ameyaokota kwangu, mimi ndiye niliyasema miaka miwili iliyopita, maana faili hiyo ilikuwepo na mimi ndiye niliitoa, kwa sababu ya Elmina wa Ndanai, kiongozi wa kwaya, aliingia humo kuongeza sauti kidogo akafuta mstari bila kujua, asubuhi ya harusi programu ikagoma, bibi harusi amesimama mlangoni mwa kanisa na Elmina ananipigia akilia, "Janefer, umenifanyia nini mbele ya watu?", na wiki hiyo hiyo nikachukua mipangilio yote ya mwanzo, ile programu inakuja nayo kabla mtu hajaigusa, nikaizika ndani ya msimbo, nikawaambia wenzangu watu watulie, sisi tutawachagulia, na nikawachagulia kweli, kimya kikizidi nusu sekunde kikatwe, rekodi iwe ndogo isijaze simu, na ile ya asili ifutwe, nikajaribu na sauti yangu mwenyewe, nikahesabu moja mpaka kumi, ikatoka safi, nikafurahi… Antony sikumfikiria hata kidogo, ndugu yangu wa tumbo moja, mtu ambaye neno humkwama kooni, mdomo wazi, shingo imekaza, hakuna sauti, unahesabu mbili, tatu, nne, halafu neno linatoka zima… na Gitonga anasema, "sio kila mtu anaongea kama sisi, jamani", ananiangalia? hapana, hawezi kunijua, kamera yangu imezimwa, hakuna anayejua habari ya Antony, alikuwa anaendesha mashine ya kuchuna chai upande wa Kericho, akaona kikingio cha visu kimelegea, akamwambia nyapara, nyapara akamwambia endelea, siku ya tatu mashine ikamkata mwenzake Oyaro vidole viwili, na lawama zote kwa Antony, mzembe, hakusema, na yeye, mjanja wangu, akarudi kwa nyapara na simu mfukoni, programu yetu ikirekodi, akamuuliza, na nyapara akakubali kabisa, "uliniambia, lakini kazi ingesimamaje?", akaja kwangu Jumapili akiwa na uso wa mtu aliyeokoka, mimi ndiye nilimwambia wapelekee, wapelekee hiyo rekodi… nilikuwa naye siku ya kamati ya nidhamu ya kampuni ya chai, nje ya dirisha, nilisikia ikichezwa, sauti ya Antony ikitiririka kama ya msomaji habari redioni, bila kusimama, bila kukwama popote, na mwenyekiti akasema, "Hii imekatwa. Huyu bwana tumekaa naye hapa saa nzima, sentensi moja inamchukua dakika, na humu anaongea hivi?", na Antony akasimama kujibu, neno likakwama, wakangoja, wakaangalia saa, wakaandika kwamba rekodi imechezewa, wakamfuta kazi, mwongo juu ya mzembe, na kwa njia ya kurudi akaniuliza, pole pole, "Ja… nefer, ni nani… aliikata?", na mimi nikasema simu yako ni mbovu… wiki tatu sasa analala kwa chumba cha nyuma, analisha ng'ombe wangu, ananipikia chai, na siku ya mwisho ya rufaa ni kesho… "Janefer," huyo ni Wacuka, ndiye anaongoza mkutano, "sehemu ya sauti uliiandika wewe. Wawili wamegawanyika, tunangoja wewe," na ningesema nini, kwamba Obure ana haki, watu wataharibu, ni kweli wataharibu, lakini ile ya Ndanai ilipoharibika kila mtu alijua imeharibika, kanisa zima lilijua, ikarekebishwa kabla ya saa sita, na ile nusu sekunde yangu haikugoma, ilifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna aliyelia, hakuna aliyenipigia… na hata hiyo si sababu, Janefer, sema ukweli hata kama ni kichwani tu, siogopi koma ya mtu, naogopa mstari, mstari mmoja wa maneno ya kawaida, kata kimya, nusu sekunde, futa ya asili, ambao Antony anaweza kuufungua kwa simu yake na kuusoma na kujua… lakini mstari upo tayari, ndani ya msimbo, na tarehe niliyouandika, na jina langu kamili kando yake, umekaa hapo wazi miaka miwili mtu yeyote wa kamati angeonyeshwa angeuona, tarehe ya kabla Antony hajaigusa hiyo mashine, yaani rekodi ilikatwa na programu, si yeye, na mtu wa kuwaonyesha ni mimi peke yangu, na wiki tatu nimekaa na huo ushahidi wa kumwokoa huku nikimkubalia aitwe mwongo… "Janefer, uko? Mtandao umekupotea?", nipo, Wacuka, maiki bado imezimwa, mvua ile ile, faili irudi, nitasema irudi na programu ipige kelele ikikosewa, lakini barua ya rufaa kwanza, leo, na kabla ya barua ni yeye, namsikia hapo nje akikatakata majani ya ng'ombe, nitamwambia ni mimi, na atakapotaka kunijibu neno litamkwama, na mimi ambaye tangu utotoni nimekuwa nikimmalizia maneno mbele ya watu nitafunga mdomo, nisimame hapo nilowe, mpaka aseme yote aliyo nayo juu yangu.