Mkate Alioung'ata Mkurugenzi

Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri, Bibi Mastura aliteleka sufuria ya chuma uani, akamimina mafuta ya pamba, akasubiri yaanze kutoa moshi mwembamba. Katika mji wa Marg'ilon kila nyumba iliyofiwa hukaanga maandazi siku hiyo, kwa sababu marehemu hula harufu. Alipotumbukiza andazi la kwanza, mwanawe Ilhom aliingia langoni, akavua viatu, akaketi mahali pake pa siku zote, juu ya kitanda kipana cha mbao chini ya mzabibu.

Ilhom alikuwa amefia Urusi, alipoanguka kutoka kwenye ghorofa aliyokuwa akiipiga lipu. Siku ya kuondoka nyumbani alikuwa ameng'ata mkate, kama wafanyavyo wasafiri wa mji ule, na mama yake akautundika ule uliobaki ukutani ili arudi kuumaliza. Alirudi ndani ya sanduku na hakuumaliza. Kwa hiyo mkate ulibaki ukutani, naye akawa anarudi. Majirani wakipishana naye njiani walimwamkia, na yeye aliitikia kwa kuweka mkono kifuani, maana sauti hakuwa nayo. Sauti yake ilikuwa kwenye simu ya mama yake.

Kila Alhamisi Bibi Mastura alikung'uta unga mikononi, akafungua Musicha, programu ya kutumiana ujumbe, na kubonyeza moja ya jumbe za sauti ambazo Ilhom alikuwa akimtumia kutoka Urusi. "Mama, umekula? Hapa theluji imefika magotini. Leo nimepika pilau ikaungua, wenzangu wamekula wakanisifu, wana njaa hawa." Simu ilisema, na midomo ya Ilhom ilikwenda sambamba nayo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Musicha ilitengenezwa na vijana wawili wa Fergana, wakaipa jina la yule hua mdogo anayejenga kiota dirishani na asifukuzwe na mtu. Wanawake wa mtaa waliulizana humo nani ana hamira, nani amefiwa, binti wa nani amekuja kuchumbiwa. Kisha vijana wale waliiuza kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Kwanza rangi yake ilibadilika. Halafu yakaja matangazo. Ilhom alikuwa akifika kwenye "theluji imefika", msichana mmoja mchangamfu akaingia kati kusifia dawa ya meno, na Ilhom pale kitandani akabaki mdomo wazi, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke barabara. Bibi Mastura alivumilia hilo. Alikuwa amelea watoto na kuishi na mama mkwe. Kukatizwa maneno hakukuwa kugeni kwake.

Alhamisi hiyo alibonyeza, na simu ikaandika: Ujumbe huu haupo tena. Tunaboresha huduma kwa ajili yako. Alibonyeza mwingine, ikaandika vilevile. Ilhom alifungua mdomo, akaufumba, akafungua tena. Maandazi yakaungua upande mmoja.

Jirani yake Shahodat, mfumaji wa hariri mwenye ulimi mkali, aliiandikia kampuni kwa niaba yake. Jibu lilikuja kabla hata hajaweka simu chini. Ombi lako limepokelewa. Usijibu ujumbe huu.

"Nani huyo anayenikataza kujibu?" Bibi Mastura aliuliza.

"Mashine, bibi."

"Ina bosi?"

Shahodat alisema inaye, na kwamba bosi huyo anakuja Marg'ilon wiki ijayo kuwashukuru watumiaji, kwenye ile nyumba ya chai ya kando ya mfereji. Bibi Mastura akauliza kama tanuri la Shahodat lilikuwa zima, kwa sababu lake lilikuwa na ufa, na mkate aliotaka kuoka ulipaswa kutoka vizuri.

Mkurugenzi aliitwa Odiljon. Alizaliwa Tashkent, akasomea ng'ambo, akavaa viatu vyeupe. Aliwaambia watu kwamba Musicha sasa ni familia moja kubwa. Bibi Mastura aliposimama na kuuliza sauti ya mwanawe iko wapi, mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho huku ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Nimekusikia, bibi. Tutalifanyia kazi," na macho yake yakaenda kwa aliyefuata.

Alipokuwa akitoka kuelekea garini, Bibi Mastura alimsogelea na mkate uliofungwa kwenye kitambaa safi. Ulikuwa wa moto bado, katikati umepigwa chapa, juu una ufuta mweusi.

"Unasafiri, mwanangu," alimwambia. "Ng'ata kidogo."

Odiljon aliujua mkate ule. Bibi yake mwenyewe aliwahi kumtundikia mmoja. Alijua kwamba mtu hang'ati mahali asipokusudia kurudi. Lakini wapiga picha walikuwa wanatazama, na tangu utotoni alifunzwa kwamba mkate wa mwanamke mzee haukataliwi, hata ukiwa umeshiba, hata ukiwa na haraka. Mkono ulinyooka wenyewe. Aling'ata, akashukuru, akaondoka. Bibi Mastura alikwenda nyumbani na kupigilia msumari wa pili ukutani.

Kesho yake alasiri Odiljon alikuwa langoni. Mkononi alishika kikombe cha plastiki chenye juisi ya nyanya aliyopewa ndegeni muda mfupi kabla, asijue amefikaje pale.

"Karibu," Bibi Mastura akamwambia. "Karoti zile pale, na kisu kile pale."

Ikawa hivyo kila siku. Usiku alikwenda atakako, Tashkent au ng'ambo. Alasiri ikifika alikuwa langoni, mara na miwani ya jua, mara na leso ya mgahawa shingoni, mara moja na povu la sabuni sikioni. Mtaani hakuna aliyeona ajabu. Mkate umeng'atwa, mtu amerudi. Walilotaka kujua ni saa ngapi hasa anafika, ili kila mmoja apate nafasi yake.

Shahodat ndiye alikuwa wa kwanza.

"Bibi, samahani," Odiljon alisema siku hiyo juu ya beseni la karoti, "nina mkutano muhimu na—"

"Tangazo fupi," Shahodat akamkata. "Je, umechoka na achari isiyo na ladha? Achari ya nyanya ya Shahodat, lango la buluu. Haya, endelea, ndugu mkurugenzi."

"Nina mkutano na—"

"Je, umechoka na achari isiyo na ladha?"

Wanawake wengine walipata njia zao. Mmoja alimsifia mbuzi wake kila Odiljon alipofungua kinywa. Mwingine alimwazima koti siku ya mvua, na alipolivaa akamnyang'anya, akamweleza kwamba anaboresha huduma. Akiomba choo, walimwambia ombi lake limepokelewa. Baada ya muda alizoea kusema nusu sentensi na kungoja, na hata palipokuwa hakuna wa kumkatiza alijinyamazia mwenyewe katikati.

Siku moja alipiga simu kwa wakubwa wake akiwa palepale uani, sauti ikisikika kwa wote. Aliomba zile jumbe zirudishwe, kwanza kwa kuamuru, kisha kwa kubembeleza. Alipokata simu alikaa akiutazama mkono wake.

"Hazipo," alisema. "Hazikufichwa mahali. Zilifutwa. Zilikuwa zinachukua nafasi."

"Nafasi ya nini?" Bibi Mastura aliuliza.

"Ya matangazo, bibi."

Safari hii Shahodat hakumkatiza. Bibi Mastura aliendelea kukanda unga. Aliukanda muda mrefu kuliko unga unavyotaka, na mikate ya siku hiyo ilikuwa migumu.

Kampuni nayo haikupata hasara. Ile picha ya mkurugenzi aking'ata mkate wa bibi mzee ilipendwa sana, na kila aliyefungua Musicha aliikuta, na chini yake maneno: Daima nyumbani kwako. Odiljon alipandishwa cheo kwa sababu ya kuwa karibu na watu.

Msimu wa zabibu ulifika. Odiljon alijifunza kukata karoti nyembamba kama inavyotakiwa. Alijua kisima kipi kina maji matamu, na bila kuambiwa alimchotea ndoo mzee mjane wa nyumba ya pili. Bibi Mastura aliliona hilo. Alikuwa mtu wa kuona wema, hata mdogo, hata wa mtu asiyempenda. Mkate haukushuka msumarini.

Siku za Alhamisi walikuwa watatu: Bibi Mastura penye mafuta, Ilhom kitandani, na Odiljon chini kwenye matofali, akimtazama marehemu uso kwa uso. Ilhom aliendelea kusogeza midomo. Mama yake aliamini anarudia zile jumbe za zamani, naye kimoyomoyo alimsaidia maneno: umekula, theluji, pilau.

"Si hayo, bibi," Odiljon alisema Alhamisi moja.

"Si yapi?"

"Hasemi habari za theluji. Nimemtazama siku nyingi, sasa namwelewa." Alinyamaza katikati kwa mazoea, akangoja, na kwa kuwa hakukuwa na tangazo akaendelea. "Anauliza kwa nini mgeni amekalishwa kwenye tofali bila mto."

Bibi Mastura alimgeukia mwanawe. Ilhom aliweka mkono kifuani.

Ni kweli, alikuwa hivyo tangu mdogo. Aliwahi kuleta nyumbani mwizi wa matikiti aliyepigwa na watu, akamwosha miguu. Bibi Mastura alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na mto wa hariri, ule mzuri, akamwekea Odiljon. Odiljon akaukalia taratibu. Macho yake yalilowa, na hakuyafuta.

"Bibi," alisema, "nitakuwa namsemea kila Alhamisi. Neno kwa neno. Tafadhali, sasa niruhusu niumalize mkate wangu."

Bibi Mastura alifikiri. Mafuta yalitulia, Ilhom akangoja, na ng'ambo ya ukuta kitanda cha kufumia cha Shahodat kikasimama.

"Maneno umenirudishia," alisema mwishowe, "na Mungu akulipe. Lakini ilikuwa sauti ya mwanangu, na wewe unaniletea yako."

Alisimama juu ya kigoda, akautoa ule mkate kwenye msumari wake na kuutundika juu zaidi, karibu na boriti. Kisha akashuka, akakaa, akashika birika. Akammiminia Odiljon chai kidogo tu, chini kabisa ya bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni ambaye mwenyeji hataki aondoke, ili bakuli lijazwe tena na tena.