Picha Mbili za Mgongo wa Mama Mkwe

Daktari wa picha alipomwona mama mkwe wake akishika ukuta ili afike mezani, aliweka kijiko chini. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta. Zamani mama huyo alianguka ngazini, akafungwa skrubu za chuma mgongoni, na tangu hapo alijisifu kuwa ana vipuri ambavyo wenzake hawana.

"Mama, huo mguu umeanza lini?"

"Haujaanza kitu. Umechoka tu, kama mwenyewe."

Alipobaki jikoni na mumewe, daktari alimwambia wampeleke mama kwenye hospitali anayofanyia kazi yeye, akapigwe picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku. Mashine ya hapo ilikuwa ndogo, wazi pembeni, sumaku yake hafifu. Picha zake zilikuwa na chengachenga, na mume aliwahi kuziona.

"Hicho kimashine chako? Kwa mama yangu? Nitampeleka kwenye ile kubwa ya mjini."

"Ile ni nzuri kweli. Lakini sumaku ikiwa na nguvu sana, chuma kinaharibu picha zaidi. Na mama ana skrubu."

"Unatetea ofisi yako tu."

Neno hilo lilimchoma, akamgeuzia mgongo na kuanza kuosha vyombo. Lilimchoma zaidi kwa sababu yeye mwenyewe aliitamani ile mashine kubwa miaka nenda rudi.

Mama akapelekwa mjini, akarudi na picha. Mkwewe alipozifungua kwenye kompyuta, alishusha pumzi kwa uzuri wake. Kila pingili ilionekana, kila uzi wa mshipa wa fahamu. Kisha akafika kwenye skrubu. Hapo palikuwa na doa jeusi, kingo zimejikunja kama plastiki iliyotupwa motoni. Wenzake wa kule walijaribu kulipunguza, wakashindwa, wakaandika bila kuficha kwamba sehemu hiyo haisomeki.

Mume alikuwa amesimama nyuma yake. "Kwa hiyo hana tatizo?"

"Wameandika hawajaona. Hawajaandika kwamba halipo."

Kufikia hapo mguu wa kushoto nao ulikuwa umeanza kufa ganzi. Mume hakubisha tena. Asubuhi iliyofuata mama alilazwa kwenye kile kimashine.

"Mbona pako wazi hivi? Kule waliniingiza kama mkate kwenye tanuri."

"Usicheke, mama. Ukitikisika picha inaharibika."

"Basi na wewe usinichekeshe."

Kazi ilichukua muda, maana sumaku dhaifu hukusanya picha taratibu. Mama aliuma meno kwa maumivu, lakini hakujitikisa.

Picha ilitoka na chengachenga zake. Lakini weusi wa skrubu ulikuwa mdogo, na kando yake kulikuwa na kitu cheupecheupe kinachokandamiza uti wa mgongo. Au ni chenga tu? Daktari alitaka mno kukiona kitu hicho, ndiyo maana hakuyaamini macho yake. Akamwita daktari mwenzake wa chumba cha pili, asimwambie lolote.

Mwenzake alikodoa macho, kisha akaweka kidole palepale. "Huu si usaha huu?"

Daktari wa upasuaji alizichukua picha zote mbili. Ya kimashine ilimwonyesha usaha ulipo, na ya mjini ikamhakikishia kwamba pingili za juu na chini ni nzima. Alipopasua, aliukuta. Mguu wa kushoto ulirudi sawasawa. Wa kulia ulibaki mzito, na mama hutembea na mkongojo huku akiugombeza mguu huo.

Siku chache baada ya upasuaji, mume na mke walikaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Nilikosea," mume alisema. "Chako ndicho bora."

Mke alikuwa ameyangoja maneno hayo, lakini yalipofika hayakuwa na ladha.

"Si bora. Jana nimemtuma mgonjwa wa kifafa aende kwenye ile kubwa. Kovu dogo la ubongo mimi hapa silioni."

"Sasa sisi tusiojua tufanyeje?"

"Nilikwambia jikoni."

"Uliniambia mara moja, ukanuna."

"Niliudhika."

"Ungeudhika huku unasema! Ni mama yangu yule."

Mke alimshika mkono, naye mume hakuutoa. Wakakaa hivyo mpaka sauti kali ilipotoka wodini.

"Nyie wawili! Kuna mtu anataka kwenda msalani huku!"

Wakainuka pamoja.