Watu Wanne wa Mlangoni

Tik. Tik. Waliokuja kwa miguu kwenye theluji waliisikia sauti hiyo kabla hawajaniona. Nilikuwa nimesimama kizani, nyuma ya mlango wa ukumbi wa michezo, na mkononi nina kidude cha chuma cha kuhesabia watu. Kila aliyeingia, nilibonyeza.

"Renny, unatuhesabu kama kuku?"

"Kuku wana adabu, hawachelewi. Pita!"

Moyoni sikuwa na mzaha. Pale Chuo cha Wexcombe hakuna anayetusimamia kwenye mtihani. Unachukua karatasi, unajifungia nayo chumbani, saa unaitazama mwenyewe, na muda ukiisha unaweka kalamu chini. Ukimwona mwenzako amekosa, humsengenyi. Unamwambia usoni, unampa hadi adhuhuri ya kesho yake ajitaje mwenyewe mbele ya baraza la wanafunzi. Hicho ndicho Kiapo chetu, nami nilikuwa tayari kugombana na yeyote aliyekicheka. Lakini kila Februari lazima wanafunzi mia sita wawe ukumbini ifikapo saa kumi alasiri, wakipigie kura upya. Wakipungua hata mmoja, Kiapo kimekufa.

Na kamera za kutusimamia kwenye mtihani badala yake zilikuwa zimeshanunuliwa. Maboksi yake niliyaona kwa macho yangu, yamepangwa nje ya ofisi ya Bwana Halloran, mkuu wa wanafunzi. Siku hiyo Halloran alisimama ukutani, koti hajalivua, anautazama mlango kama mtu aliyekuja kuchukua maiti.

Saa kumi kasoro dakika mbili kidude kilisoma 596. Nikachungulia nje. Njia ilikuwa nyeupe, tupu. Upepo ulikuwa umeshafuta hata nyayo.

Tik. Tik. Tik. Tik.

"Mia sita!" nikapaza sauti.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mikono ikanyanyuliwa, Kiapo kikapita. Ingrid Sewall, mwenyekiti wa baraza letu, alishuka jukwaani akanijia moja kwa moja. Yeye hakupiga makofi.

"Wale wanne wa mwisho ni kina nani?"

"Wamo humo, wamechanganyika na wenzao."

"Renny. Nilikuwa nautazama mlango."

Kisha hasira ikanipanda, maana niliona nimekiokoa Kiapo na sasa nasomewa mashtaka. "Nikisema, Kiapo kinakufa."

"Najua."

"Hata baraza la kunihukumu halitakuwepo!"

"Najua, bwana! Unadhani sijui?" Akanikazia macho. "Una hadi kesho adhuhuri. Ndivyo tulivyokubaliana sote."

Akarudi nyuma hatua mbili, maana Halloran alikuwa anakuja, mkono ameunyoosha. Aliushika wangu, hakuuachia.

"Hongera, kijana. Unajua, na mimi nilikuwa nahesabu." Aliinama hadi pumzi yake ikanigusa sikio. "Haya macho ya kizee yamepata pungufu kidogo. Lakini sitasema, na wewe usiseme. Kamera zitangoja. Njoo ofisini kesho asubuhi. Wewe si umo barazani? Kuna kesi mbili tatu ningependa ziishe vizuri."

"Ziishe vizuri kwa nani?"

"Kwa chuo, kijana. Kwa chuo." Akatabasamu, akanipigapiga begani, akaenda zake kuwapongeza wengine.

Kiapo kilikuwa hai, ndiyo, watu wanakishangilia, na tangu siku ile kingekuwa mali ya Halloran, mimi ndiye kamba yake ya kukivutia. Maboksi hata asingehitaji kuyafungua.

Watu walianza kuinuka na kutafuta makoti yao. Kipaza sauti kilikuwa bado jukwaani, kimewashwa, kinakoroma peke yake.

"Usiningoje hadi kesho," nikamwambia Ingrid. "Nakuahidi, hakuna atakayetoka humu kabla hajausikia ukweli wa wale wanne kinywani mwangu mwenyewe."