Nani Aliandika Kwamba Nyasi Zinatosha

Chuo kikuu kilikuwa tayari kunipa shahada ya uzamivu nikiwa na miaka sabini na moja. Kilichobaki ni sahihi ya mtu ninayemchukia kuliko wote walio hai.

Tasnifu sikuandika. Sheria yetu inamruhusu mtu aliyekwisha kuchapisha makala juu ya jambo moja azikusanye, aziandikie utangulizi, kisha azitetee mbele ya jopo. Mimi nilikuwa nazo tano, zote kuhusu namna maji yanavyopenya kwenye matuta ya zamani ya kuzuia mafuriko kando ya mto wetu. Elimu yangu niliipata katika madarasa ya jioni, baada ya kazi, nikipigana na usingizi, na sioni haya kusema kwamba makala zile ni nzuri. Nne niliandika peke yangu. Ya tano ina majina mawili zaidi: la rafiki yangu Gerwazy, na la mkuu wa taasisi yetu wakati huo, Profesa Walery Dobosz, ambaye hadi alipostaafu jina lake lilitangulia kila makala iliyotoka pale, kama jogoo anavyotangulia kuku jaani.

Kila mwandishi mwenza hana budi kuandika mwenyewe alichokifanya, na kutia sahihi. Gerwazy amekufa, na marehemu sheria imewasamehe. Dobosz yu hai. Ana miaka themanini na minne na kila asubuhi anakwenda kuogelea.

Katika makala hiyo ya tano kuna sentensi isiyo yangu. Mimi niliandika kwamba tuta la kijiji cha Wierzbiec limetobolewa na fuko wachimbao mashimo ardhini, libomolewe lijengwe upya. Jarida lilipotoka, mahali pa maneno yangu nikasoma: "Mizizi ya nyasi inatosha kulishika tuta, ukarabati hauhitajiki." Nilimwendea Dobosz siku ileile nikapiga kelele mpaka makatibu wakafunga milango. Nililiandikia jarida, halikujibu. Wilaya ilifurahi, ikapeleka fedha kwingine.

Mwaka wa mafuriko makubwa tuta lilikatika. Watu walipanda mapaani. Ng'ombe wa Kunegunda Wrzos walikufa wakiwa wamefungwa zizini, wote. Na kwa kuwa ni mimi niliyeonekana kijijini miaka yote, na mabuti yangu ya mpira na vyombo vyangu vya kupimia, jina walilolijua lilikuwa langu. Kunegunda alinitemea mate mbele ya kanisa. Nilijaribu kueleza. Nani humsikiliza mtu anayejifuta mate usoni?

Basi nilimfuata Dobosz kwenye kibustani chake nje ya mji. Alikuwa amekaa mezani mbele ya kibanda, na mkewe, Bi Felicja, alikuwa akitoa kokwa za cheri, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Loo! Mwanafunzi wetu!" alisema Dobosz. "Zenon, wenzako wa umri huu wananunua kaburi, wewe unatafuta joho!"

"Natafuta sahihi, Profesa."

"Ngoja nife. Nasikia marehemu hawaulizwi."

"Ungeonyesha dalili ningengoja."

Bi Felicja alicheka, akajifuta pua kwa bega. Mumewe hakucheka. Alivuta karatasi niliyomwekea.

"Tuandike nusu kwa nusu, mambo yaishe."

"Nusu ya nini? Wanataka kujua ulifanya kitu gani. Ulipima?"

"Kupima ni kazi ya mafundi."

"Ulichora ramani?"

"Si alichora Gerwazy?"

"Hesabu je?"

"Zenon, wewe ni polisi?"

"Nauliza watakachouliza wao. Ulifanya nini, Profesa?"

Uso wake ulipanda damu. "Nilifanya kazi ya kichwa! Ninyi mlileta matope kwenye ndoo. Mimi ndiye niliyesema matope yale yana maana gani. Hitimisho ni langu!"

"Lote?"

"Neno kwa neno! Wewe wakati ule hata koma ulikuwa hujui pa kuiweka."

"Basi andika hivyo."

Akaandika, kwa ule mwandiko wake wa kizamani uliolala upande mmoja. Bi Felicja aliacha kutoa kokwa.

"Mzee," alisema taratibu, "hitimisho lenyewe si lile la nyasi?"

Kalamu ilisimama. Nilimwona akikumbuka. Miaka yote ile mimi nimelala na sentensi ile na kuamka nayo, na yeye alikuwa ameisahau! Hilo ndilo lililoniwasha kuliko sentensi yenyewe.

"Tuseme tuliandika pamoja," alisema, sauti imeshuka.

"Hapana."

"Zenon, sisi ni watu wazima."

"Hapana, nimesema!" Niligonga meza, cheri zikamwagika nyasini. "Uprofesa uliupata kwa makala ile. Mimi nilipata mate. Ama hukufanya kitu, uandike kwamba hukufanya kitu, ama ulifanya hicho hapo. La tatu halipo."

Nilidhani ataichana. Hakunitazama mimi, alimtazama mkewe. Bi Felicja naye alikuwa amemkazia macho, anangoja kama mtu aliyengoja muda mrefu. Mbele ya mwanamke yule, Dobosz hakuweza kuandika kwamba hakufanya kitu. Aliona heri hatia kuliko kuwa bure. Akatia sahihi.

"Haya, daktari. Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Chukua cheri, Zenon," alisema Bi Felicja. Sikuchukua.

Kesho yake sikwenda chuoni kwanza. Nilipanda basi hadi Wierzbiec. Kunegunda alinifungulia mlango nusu, akaniacha kizingitini. Nilimpa karatasi. Alivaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza, akarudi juu, akasoma tena.

"Huyu bado yupo?"

"Yupo. Ana bustani. Mwaka huu cheri zimezaa mpaka matawi yanainama."

"Mimi zizi sikujenga tena." Alinirudishia karatasi. Radhi hakuniomba, nami sikuifuata hiyo. Akaniuliza, "Hiyo siku yako ya kutetea, anaingia mtu yeyote?"

"Yeyote. Na ukiwa ndani unaruhusiwa kuuliza swali."

Alifungua mlango wote.

"Niwekee kiti cha mbele," alisema. "Na yeye mwalike."