Karanga za Mgonjwa

Damari alikuwa hajafika hata nusu ya karanga zilizokuwa kinuni pale mama mkwe wake alipouliza kutoka uani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Nani anatwanga karanga na humu ndani kuna mgonjwa?"

"Ni mimi, mama. Nataka kuziweka kwenye mlenda wa Ritha."

Bibi Agripina akaacha kupepeta uwele, akaja mpaka mlangoni mwa jiko. Katika nyumba ile, mwenye homa alikula vikavu: uji bila maziwa, mlenda bila karanga, hata kama dumu la mafuta ya alizeti limesimama nyuma ya mlango. Mafuta huamsha nyongo. Ndivyo bibi alivyofundishwa na mama yake, na kwa kanuni hiyo alikuwa ameuguza watoto saba. Damari hakumwona mjinga. Mgonjwa wa homa akila mafuta mara nyingi hutapika. Hilo yeye mwenyewe alikuwa ameliona.

Lakini alikuwa ameona na jingine. Ritha, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikuwa anaugua malaria kwa mara ya tatu tangu mvua zianze. Mara mbili za kwanza alimeza dozi yote ya dawa ya mseto, vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni, siku tatu. Mara zote mbili homa ilishuka siku ya pili, na wiki ya tatu ikarudi. Mtoto wa jirani yao Rukaiya alipewa dawa ileile, akapona moja kwa moja. Damari alikwenda kumuuliza Rukaiya alivyofanya, hatua kwa hatua. Tofauti aliyoipata ilikuwa moja tu: kule vidonge vilimezwa kwa maziwa. Na leo, baada ya Ritha kumeza dozi ya kwanza kwa maji matupu pale zahanati, Damari alifungua ile karatasi ya ndani ya boksi ambayo kila mtu huitupa, akaisoma mpaka chini. Imezwe pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta, ilisema, ili mwili uipokee vizuri.

"Umekuwa daktari lini?" bibi akauliza.

"Sijawa, mama. Nimesoma tu."

"Fredrick wa zahanati hakusema habari za karanga."

"Alisema hatumalizi dozi. Wewe na mimi tulihesabu vidonge pamoja. Tulimaliza."

"Mughwai amekwisha sema," bibi akasema. "Homa ikirudi tena, mtoto anapelekwa kwa yule mchoma sindano wa mnadani. Ni maneno ya mumeo, si yangu."

Damari alimjua mtu huyo. Ana mkoba, hana kipimo, na kilichomo ndani ya sindano zake hakijui mtu.

"Hatapelekwa," akasema taratibu, akainua mchi.

Bibi akarudi kwenye uwele wake. Miaka kumi na mitatu, mkwe huyu hakuwahi kumjibu hivyo.

Saa kumi na mbili jioni Ritha alikula bakuli zima, akameza vidonge vitatu. Dakika kumi na tano baadaye vyote vilikuwa sakafuni.

"Haya! Nyongo hiyo!" bibi akasema. "Zoa sasa na karanga zako."

Damari alizoa. Kisha akasoma tena karatasi: akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie.

"Kosa ni langu," akasema. "Hajala tangu asubuhi, nami nimemjaza bakuli."

"Basi unaacha?"

"Siachi. Nampa kidogo."

Alipasha nusu kikombe cha maziwa, akamnywesha kijiko kwa kijiko, kisha vidonge. Bibi aliwasimamia, mikono kiunoni.

"Bibi," Ritha akasema kwa sauti ya uchovu, "ukinitazama hivyo hata maji nitatapika."

Bibi akaketi. Saa nzima ikapita. Vidonge vilikaa.

"Leo tu," bibi akasema. "Tutaona wiki ya tatu."

"Tutaona, mama."

Damari alihesabu vilivyobaki kwenye paketi. Dozi tatu, na zilihitajika nne. Ilimpasa arudi zahanati kuomba vidonge kwa mtu yuleyule aliyeamini kwamba hawamalizi.

"Atakucheka huyo Fredrick," bibi akasema.

"Acheke huku ananihesabia."

"Na maziwa? Mughwai huyabeba yote alfajiri kupeleka kwa wateja wake."

"Kesho hayatoki kabla sijachukua kikombe cha Ritha. Nitamwambia mwenyewe."

Akaikunja karatasi ndani ya paketi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kutoka pale mpaka zahanati ni mwendo wa saa mbili, na dozi ya asubuhi ni saa nne: ili awe amerudi kufikia hapo, ilimpasa aamke kabla ya Mughwai.