Mita Mia Nne za Mama Annonciata

Kila Jumanne, Alhamisi na Ijumaa saa tatu asubuhi Charline alipanga viti vinne vya plastiki kando ya korido ya kituo chake pale Katoyi, mjini Goma, akafungua daftari, akaita wagonjwa wa miguu. Korido ilikuwa na urefu wa mita ishirini na tano, sakafu ya saruji, dirisha moja mwisho. Charline alikuwa kiné, mtaalamu wa tiba ya viungo, na dawa yake haikumezwa wala kuchomwa. Mgonjwa alitembea mbele ya macho yake, akienda na kurudi, mpaka maumivu yafike nne katika tano. Hapo alikaa mpaka yaishe yote, akasimama, akatembea tena. Hivyo mara tatu kwa juma, miezi mitatu.

Mama Annonciata alikuwa katika juma la kumi. Mishipa inayopeleka damu miguuni mwake ilikuwa imebana, na shavu la mguu wa kushoto lilikaza akitembea kidogo tu. Alikuwa amekimbia kutoka milima ya Masisi, na sasa alilala kwa binti yake Bénita, mtaa wa Majengo. Tangu juma la tatu viatu vyake vilitoka koridoni vikiwa na udongo mwekundu, na Goma udongo huo haupo, chini ni jiwe jeusi la volkano. Charline aliutazama, akaweka tambara la pili mlangoni.

"Mama, mupanguse viatu mukitoka," alisema. "Mutu anayefuata atateleza."

Aliyefuata alikuwa papa Luc, mfanyabiashara aliyevuta sigara maisha yake yote. Kila mgonjwa akitembea, korido ilimgeukia njia ya kwao, na ya papa Luc ilielekea Butembo, kwenye duka aliloliacha. Baada ya majuma manane alikuwa bado Kibati, ambako mwenye miguu mizima hufika kabla ya chai, na kila siku alilalamikia vumbi la malori. Charline alimtania kwamba kwa mwendo huo atafika Butembo wajukuu wameshauza duka.

Korido ya Mama Annonciata ilianza kila mara kwenye zizi lake la ng'ombe. Ilipita mikaratusi, ikavuka daraja la magogo, na kwenye mita mia nne palikuwa na kamba ya barrière, kizuizi cha wanajeshi. Akikaa tu, mlima ulitoweka akajikuta kwenye kiti cha plastiki. Akisimama, alianza upya zizini. Kamba ilitaka mwendo mmoja usiokatika, na pale kwenye kamba alikuwapo mume wake, Onésime.

Siku ile ya mwezi wa saba walipokimbia, mguu ulianza kumuuma kabla ya daraja. Hakusema. Kwao mwanamke aliyelelewa vizuri hasemi inauma. Huzaa kimya na huzika kimya. Angesema pale darajani, wangepumzika ndani ya migomba na hakuna ambaye angewaona. Alinyamaza, na mguu ukagoma mbele ya kamba yenyewe. Waliokuwa na haraka walipita. Mwanajeshi mmoja aliona mzee amesimama bure, akamtwisha kasha la risasi.

"Muzee, beba hii, mupaka pale mbele," alimwambia.

Onésime alienda na kasha lake, hakurudi. Annonciata alijua ni nani aliyelipakia kasha lile, na hakumlaumu mwanajeshi peke yake. Tangu juma la saba alimwona kwa mbali: mgongo uliopinda, ukienda mpaka kona na kurudi mpaka kamba, ukienda na kurudi. Hakutaka kitu kingine duniani ila kufika pale, amtue mzigo, warudi wote wawili.

Juma hilo la mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 2012, mizinga ilisikika mchana kutoka upande wa Kibati. Papa Luc alisema inampigia karibu na sikio, akaomba kiti cha mlangoni, mbali na dirisha. Charline aliwatangazia kwamba Ijumaa baada ya mazoezi atafunga kituo, na hajui atafungua lini. Siku hiyo Mama Annonciata alikuwa amefika mita mia tatu na arobaini.

"Combien, mama?" Charline aliuliza kwa sauti. Maumivu ni mangapi?

"Deux," alijibu Annonciata. Mbili.

Daraja lilikuwa nyuma yake na kamba ilionekana wazi. Charline aliuliza tena, akajibiwa deux. Mara ya tatu Charline hakuuliza. Alimshika mkono, akamkalisha kwa nguvu, akamvua kiatu chenye matope. Mguu ulikuwa baridi, mweupe kwenye vidole.

"Hii ni deux?" Charline alikuwa na hasira. "Mama, muko munanidanganya. Munataka kupoteza muguu?"

"Kwetu mwanamuke hasemi inauma."

"Hapa anasema. Mukificha, muguu unachoka mbele ya wakati, kesho munarudi nyuma. Mukisema, kesho munaenda mbele. Ni ile tu."

Annonciata alimsimulia yote, ya daraja na ya kamba. Charline alisikiliza huku akiusugua mguu kwa mikono miwili. Hakumpa pole. Alisema tu, "Basi anza kusema," na machozi yakamtoka Annonciata kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba.

Alhamisi alisema ukweli. Alipumzika kila alipoambiwa, na kwa mwendo mmoja akafika mita mia tatu na themanini. Ijumaa malori ya askari yaliteremka barabarani tangu asubuhi, vioo vya dirisha vikitetemeka, na Bénita alisimama mlangoni na mabunda yao kichwani.

"Mama, watu wote wanaenda!"

"Nakuja," alisema Annonciata, akaanza.

Mikaratusi. Daraja, maumivu yalikuwa moja, akasema un. Penye migomba yakawa mbili, akasema. Kwenye mita mia tatu na hamsini yakawa tatu, akasema, na sauti ya Charline ikamjibu kutoka mbali, "Muzuri, mama, pole pole." Hatua ya mwisho ilimfikisha kwenye kamba, mbele ya mumewe.

"Umefika," alisema Onésime. Alikuwa amekonda, kasha begani. Hakusimama. "Muguu namuna gani?"

"Tatu. Tua hiyo kitu, twende."

"Hapana ruhusa," alisema mwanajeshi wa kwenye kamba. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mupaka mukubwa aseme."

"Mukubwa iko wapi?"

"Alienda. Hakuacha neno."

Annonciata alishika pembe ya kasha. Halikuachia bega. Alitembea ubavuni mwa mume wake mpaka kona, wakageuka.

"Quatre," alisema kwa sauti, nne, na Onésime akamgeukia, maana miaka thelathini na nane ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Ikala, mama!" iliita sauti ya Charline, ikimtaka akae.

"Na wewe?" Annonciata alimuuliza mumewe. "Kwako ni ngapi?"

Alifikiri, kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wa jirani. "Tano," alisema. "Kitambo."

"Yeye anaweza kuikala," alisema mwanajeshi. "Muzee, tembea."

Annonciata alikaa, kwa sababu mguu ulikataa, na aibu ya kukaa ilimuuma kuliko mguu. Kiti kilikuwa cha plastiki. Charline aliandika mita mia nne na thelathini, akampongeza, akafunga mlango. Annonciata alitoka na Bénita katikati ya watu waliobeba magodoro.

Mji ulibadilisha wakubwa, jeshi likatoka na waasi wakaingia. Jumanne ya pili baadaye Charline alifungua saa tatu kamili. Papa Luc alikuja, akasema Kibati sasa vumbi ni lilelile. Mama Annonciata alitembea mpaka kamba bila kusimama, maumivu tatu. Wanajeshi walikuwa wengine, sare nyingine, lugha nyingine ya kuamrisha. Aliwaeleza kwamba aliyemtwisha mzee huyu ameondoka, na jeshi lake limeondoka naye.

Walisikiliza kwa adabu. Hawakujua habari za kasha. Walipofika walimkuta anabeba, wakaona ndiyo kazi yake.