Nafasi Moja Tupu

Daktari wa macho alikuwa anaondoka jioni ile, na kurudi kwake ni mpaka mwakani. Muuguzi alinimulika jicho la kushoto, akasema presha ya jicho iko juu mno, nisipopasuliwa leo litazima. La kulia lilikwisha kuzima. Kilichobaki ni kufunguliwa faili.

Karani wa dirishani tulimwita Kidole, maana aliandika kwa kidole kimoja.

"Namba ya faili usijali, mama, kompyuta inaitoa yenyewe. Kila mtu na yake, na hakuna faili lisilo na namba. Nipe ya simu."

"Sina simu, mwanangu."

Nyuma yangu wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alicheka puani. Alikuwa amefuata dawa zake. Simu ya mume wangu aliichukua yeye siku ile ile ya mazishi.

"Basi tunapaacha wazi." Kidole akabonyeza. Akabonyeza tena. "Inakataa."

"Kwa nini?"

"Namba ya simu nayo haitakiwi kuwa ya watu wawili, ila yenyewe inaruhusiwa kuachwa tupu. Sasa aliyeitengeneza hii kompyuta kaifanya ihesabu hata utupu. Mmoja akishapaacha tupu, wa pili anaonekana amerudia. Na yupo aliyetangulia."

"Nani?"

Akasoma jina la mume wangu. Kumbe wifi alishakuja hapa akaandikisha namba ya ile simu kuwa yake, na kwa marehemu pakabaki tupu.

"Mfute. Si amekufa?"

"Siwezi, mama. Vipimo na dawa zake zote zimeshikwa na namba yake ya faili. Nikiing'oa, vyote vinabaki yatima. Haifutwi, na hapewi mtu mwingine. Wewe tafuta laini yoyote ambayo haimo humu, ujumbe wa kuthibitisha uingie, nakuandika sasa hivi."

Niliuliza foleni nzima. Kila mwenye simu, namba yake ilikuwa imo. Mwenye laini mbili alikuwa mmoja tu.

"Wifi, nisaidie ile laini yako ya pili, isiyomo humu. Ni ujumbe mmoja tu."

"Kwa nini nisikupe?" Akaitoa simu, akaipunga mbele ya uso wangu. "Kwanza waambie hawa ulivyomwekea sumu kaka yangu."

"Kaka yako aliuawa na figo, unajua. Ulikuwepo."

"Sema tu 'nilimuua', ukapasuliwe. Kwani huyo Mungu wako hasamehe?"

"Sema, dada," mzee mmoja akadakia, "Mungu ataelewa ni jicho linaongea." Watu wakaangua kicheko.

Nilimwogesha mume wangu kwa mikono hii mpaka siku aliyokata roho. Nikamwomba Mungu anipe ulimi mmoja.

"Sikumuua."

"Umesikia, karani? Hana laini huyo."

Kidole hakuniangalia. "Anayefuata!"

Nilikaa kwenye benchi mpaka daktari akapakia masanduku yake garini. Nilimwona vizuri, hata kamba ya kiatu iliyomfunguka. Nilipoinuka kumfuata, mlinzi akaniuliza faili liko wapi.

Wifi akapita na mfuko wake wa dawa.

"Nenda ukaizoee njia ya chooni, wifi, ungali unaiona."

Nilipofika nyumbani nilifumba jicho, nikaanza kupapasa ukuta.